Tutengeneze nyumba ya papa kwanza, au tuiuze ilivyo?

*"Jambo papa. Papa yetu alifariki mwaka juzi, akatuachia nyumba ya Katuba, hapa Lubumbashi. Tuko watoto watano, mama yetu angali hai na anaishi kwangu. Tumekubaliana kuuza. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na salon. Paa la mbele ni eterniti ya zamani, la nyuma ni malata (mabati). Chumba cha nyuma kina unyevu ukutani, rangi inabanduka kila mwaka hata tukipaka upya. Komisionere, yaani dalali wa nyumba, anasema ilivyo leo itatoka kwa dola 38,000, lakini tukitia makaro (vigae), plafo (dari) mpya, madirisha ya alimini na rangi, itafika 50,000. Yeye atachukua asilimia 5. Fundi ametuandikia 9,500 kwa kazi yote. Sisi tuna 3,500. Ndugu yangu wa Kolwezi anataka tukope 6,000 zilizobaki, riba asilimia 4 kwa mwezi. Mimi ndiye mkubwa, na moyo unasita. Majirani wanasema nyumba chafu hainunuliwi. Tufanye nini?"*

Jambo sana, mama, na pole kwa kufiwa na papa. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza habari ya makaro na rangi, lakini naona kuna hofu mbili zinazokuvuta huku na huku. Unaogopa kuitupa jasho la papa kwa bei ya chini. Tena unaogopa kuwa mkubwa aliyewaingiza wadogo zake kwenye deni. Zote mbili ni hofu za mtu anayejali, na sitaidharau hata moja.

Nianze na jibu lenyewe, usije ukalitafuta hadi mwisho. Msikope. Msitie makaro, wala madirisha ya alimini. Hizo 3,500 mlizo nazo zinatosha kufanya mambo mawili yanayolinda bei ya nyumba yenu: kuyaondoa maji ukutani na kuziweka karatasi sawa. Mkishamaliza hayo, uzeni. Sasa nikueleze kwa nini, maana ndugu zako watakuuliza.

Watu wengi huamini kwamba nyumba ni kama sufuria: ukitia 9,500 ndani, utachota 9,500 na kidogo juu yake. Bei haiendi hivyo. Anayekuja kununua Katuba huanza kuhesabu akiwa bado nje. Anatazama avenue, kama gari linaingia hadi mlangoni hata siku ya mvua. Anatazama ukubwa wa parseli (kiwanja) na nafasi iliyobaki nyuma. Kisha anauliza karatasi. Kisha anauliza maji ya REGIDESO kama yanatoka au kama kuna foraji (kisima cha kuchimbwa), na umeme wa SNEL unakuja saa ngapi. Baada ya hapo ndipo anatazama kuta na paa. Uzuri wa ndani unakuja mwisho kabisa, na mara nyingi kichwani mwake nyumba yako ameshaibomoa nusu. Mmoja anataka duka upande wa barabara. Mwingine anataka kujenga vyumba vya kupangisha nyuma. Mwingine ana mke ambaye tayari amechagua makaro ya rangi nyingine. Nimeona makaro yenye miezi mitatu yakipakiwa kwenye mkokoteni, na mwenye nyumba wa zamani alikuwa hajamaliza kuyalipa.

Kuna kitu kimoja lakini ambacho mnunuzi hukilipia, tena sana: kuondolewa hofu. Akiuona ukuta wenu wa nyuma, hasemi, "Ukuta huu utanigharimu dola 400." Anajiuliza msingi ukoje. Anajiuliza kama fosi, yaani shimo la choo, inavuja chini ya chumba, na kama ukuta utasimama baada ya mvua tatu. Kwa kuwa hana majibu, anakata elfu tatu au nne, au anaaga kwa heshima na kutorudi. Hofu humshushia bei kuliko gharama ya ubovu wenyewe. Ndiyo maana dola inayoondoa hofu hurudi na wenzake, na ile ya kupendezesha mara nyingi hairudi hata yenyewe.

Tuhesabu basi, kwa tarakimu mlizonipa ninyi. Komisionere anaahidi nyongeza ya 12,000. Toa 9,500 za fundi. Ongeza 1,500 kwa yale ambayo hayajaandikwa kwenye karatasi yake, na mimi naona hizo ni chache, kwa sababu nyumba ya zamani ukiibandua plafo, daima kuna kitu juu yake. Deni la 6,000 kwa asilimia 4 ni 240 kila mwezi. Kazi ikichukua miezi miwili na mnunuzi akapatikana kwa minne, mmelipa 1,440. Na komisionere naye atachukua asilimia 5 ya hiyo nyongeza, yaani 600. Jumla ni 13,040. Mmetumia 13,040 kutafuta 12,000: mmepoteza 1,040, na hapo nimekubali kwamba kila kitu kimekwenda kama alivyosema. Mnunuzi akikawia mwaka mzima, au akisimama kwenye 46,000, mtagawana hasara watu watano, na mama yenu wa sita.

Simtukani komisionere. Hiyo ni kazi yake, na wapo wengi waaminifu. Ila tazama mahali anaposimama: nyumba ikipanda bei anaongezewa 600 bila kutoa hata franka moja, na isipopanda hajapoteza kitu. Mwombe jambo moja tu. Akutajie nyumba mbili zilizouzwa karibu nanyi katika mwaka uliopita, moja iliyotengenezwa na moja isiyotengenezwa, pamoja na bei iliyolipwa. Usikubali bei iliyotangazwa, maana kutangaza ni bure. Halafu nenda mwenyewe ukasalimie majirani wa nyumba hizo. Kule mtaani watu wanajua nani alilipa nini. Na hata bei ya 38,000 usiishike kama neno la mwisho. Mwite komisionere wa pili na wa tatu, usiwaambie wa kwanza alisema nini.

Sasa tuje kwenye ukuta, maana hapo ndipo pesa yenu inapolilia. Mnapaka rangi kila mwaka, na kila mwaka inabanduka. Rangi haina kosa. Tofali la kuchoma lina vitundu vidogo vingi ndani yake, na maji ya ardhini huvipanda kama mafuta yanavyopanda utambi wa koroboi. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa kizuizi chochote kati ya msingi na ukuta. Maji yanapanda, kwa kawaida hadi kama mita moja, yanafika kwenye uso wa ukuta na kukauka, na chumvi yaliyoibeba kutoka ardhini inabaki pale. Ule unga mweupe unaoushika kwa kidole ndiyo chumvi hiyo. Inavyozidi, inasukuma rangi na lipu kutoka ndani. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake, au fundi akipiga lipu nzito ya saruji, umeyafungia maji mlango. Hayataacha kupanda. Yatatafuta njia juu zaidi, na mwakani doa litakuwa limefika usawa wa kifua.

Lakini kabla ya kusema ni maji ya ardhini, hakikisheni, kwa sababu kuna wezi watatu na kila mmoja ana alama zake. Doa likianzia juu na kuonekana saa chache baada ya mvua, tazameni paa: msumari uliolegea, bati lililotoboka. Ukuta ukiwa na maji mwaka mzima, hata Agosti na Septemba ambapo vumbi la Lubumbashi linajaa kila mahali, shukuni bomba lililopasuka au fosi iliyo karibu. Funga maji yote usiku, soma kompta (mita ya maji) ya REGIDESO, isome tena asubuhi. Ikiwa imesogea, bomba linavuja. Na doa likiwa mkanda wa chini tu, likizidi kuanzia Novemba na kupungua baada ya Aprili, hilo ndilo linalopanda kutoka ardhini.

Kwa hilo la tatu, dawa haiko ndani ya chumba. Tokeni nje. Mara nyingi mtakuta kwamba udongo wa uani umeinuka. Miaka thelathini ya kufagia, kumwaga majivu na kupanda maua imeupandisha hadi uko sawa na sakafu ya ndani, au juu yake. Mvua ikinyesha, uwanja wote unamwaga maji ukutani. Chimbeni huo udongo uliolundikana, ushuke angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya chumba, muupe mteremko wa kukimbia ukuta, na mtengeneze mfereji wa kuyapeleka maji mbali. Chimbeni kipande kwa kipande, na msishuke hadi chini ya msingi. Wekeni mifereji ya bati kwenye ukingo wa paa, bomba lake limwage mbali, si mguuni pa ukuta. Kisha bandueni lipu yote iliyooza ndani, mita moja na kidogo, na muuache ukuta wazi upumue.

Hapa panahitaji subira. Ukuta mnene uliokunywa maji miaka haukauki kwa wiki mbili. Unataka kiangazi kizima. Kama mnaweza kuanza Mei, Oktoba utakuwa tayari kupokea lipu nyepesi yenye chokaa nyingi, ambayo inaruhusu unyevu kutoka. Kama hamna muda huo, fanyeni kazi ya nje, bandueni lipu, na mmwonyeshe mnunuzi ukuta ukiwa wazi, pamoja na mfereji mliochimba. Mwambieni: tatizo lilikuwa hili, tumelizuia hapa, ukuta unakauka. Nakuhakikishia, mama, mnunuzi mwenye akili anamwamini mtu wa namna hiyo kuliko yule mwenye ukuta unaonuka rangi mpya. Harufu ya rangi mpya kwenye chumba kimoja tu ndiyo inayomfanya mtu apige ukuta kwa vidole. Na wanunuzi wazoefu wa mji huu huja kutazama nyumba mvua ikinyesha.

Familia moja ya Kampemba iliniita wakati mambo yalikuwa yamekwisha haribika. Walitia plafo nzuri ya mbao nyembamba nyumba nzima, wakaliacha paa kwa sababu pesa ilikwisha. Mnunuzi alikuja mara ya kwanza Septemba, akapenda. Akarudi na mke wake Novemba, na katikati ya salon kulikuwa na duara la rangi ya chai. Hakubishana bei. Hakurudi tena. Sikuwa na la kuwaambia zaidi ya kile ambacho wangesikia bure miezi mitano kabla.

Neno kuhusu eterniti, na hapa nakuomba unisikilize kama mdogo wako anavyokusikiliza wewe. Mabamba ya eterniti ya zamani yametengenezwa kwa saruji iliyochanganywa na asbesto. Yakikaa mahali pake, mazima, hayana shida kubwa. Yakivunjwa, yakikatwa kwa msumeno au kusuguliwa kwa brashi ya waya, yanatoa nyuzi ndogo zisizoonekana. Nyuzi hizo zikiingia mapafuni hazitoki, na zinaweza kuleta saratani miaka ishirini, thelathini, hata arobaini baadaye. Fundi wenu akisema atayavunja kwa nyundo ili atie malata mapya, mkatazeni. Kama bamba moja limepasuka na linavuja, libadilishwe hilo peke yake: lilowanishwe maji kabla ya kuguswa, lifunguliwe misumari bila kuvunjwa, lifungwe kwenye plastiki, watoto wasiwepo. Kitambaa puani hakizuii nyuzi hizo. Inatakiwa maski maalumu. Na vipande msiwape majirani wajengee banda la kuku. Mnunuzi mwambieni wazi kwamba paa la mbele ni eterniti. Atakata kitu kwenye bei, ndiyo, lakini hiyo ni haki yake.

Jambo la pili ni karatasi, na nisingeshangaa likiwa na uzito kuliko ukuta. Hukuniambia mna karatasi gani. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, udongo ni mali ya Serikali; mnachouza ninyi ni haki juu ya parseli pamoja na jengo lililosimama juu yake, na haki hiyo inathibitishwa kisheria na cheti cha usajili, ile sertifika inayotolewa na konservatera, ofisa wa hati za ardhi. Nyumba nyingi za zamani za mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Kamalondo bado zina livret de logeur (kile kijitabu cha zamani cha mkaaji) au karatasi ya komini, yaani ofisi ya mtaa, tu. Mnaweza kupata mnunuzi hata hivyo, lakini atahesabu safari zote za kadasta (ofisi ya upimaji ardhi), malipo yote na hatari yote, na ataviondoa kwenye bei yenu. Anzeni kuulizia sasa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi inayochukua muda.

Tena karatasi iko kwa jina la papa, na papa hayupo. Hakuna mmoja wenu anayeweza kuuza peke yake. Mama yenu, kama waliishi chini ya utaratibu wa kawaida wa mali na nyumba ilipatikana ndani ya ndoa, nusu ni yake tangu mwanzo. Si ya kugawana. Ile nusu ya papa ndiyo urithi, na Sheria ya Familia ya 1987 inawapa watoto robo tatu yake, robo inayobaki ikienda kwa kundi la pili: mama yenu, na upande wa papa, wazazi wake kama wapo, na ndugu zake. Ndiyo, hata baba zenu wakubwa na wadogo, na mashangazi. Mnunuzi anaogopa shangazi anayetokea Likasi mwaka wa pili akiwa na wakili, kuliko anavyoogopa unyevu. Kaeni kikao cha familia, muandike, wote watie sahihi, mthibitishe mahakamani nani ni msimamizi wa urithi. Na mama yenu asiletewe karatasi ya kusaini siku ya mwisho kama mpita njia. Aulizwe mapema, mbele ya wote, kama kweli anataka iuzwe.

Katika kikao hicho hicho andikeni nani ametoa nini kwenye hizo 3,500. Nimeona ndugu wakiacha kusalimiana kwa sababu mmoja alilipa fundi kutoka mfukoni mwake, kisha siku ya kugawa akadai mara mbili. Pesa hiyo itolewe kwanza kwenye bei ya nyumba, kila mtu arudishiwe chake, kisha mgawane.

Baada ya ukuta na karatasi, yanayobaki ni madogo. Lipeni madeni ya SNEL na REGIDESO, mtunze risiti. Gongeni mbao za paa. Zikilia kama ngoma, au mkiona vichirizi vya udongo vinapanda ukutani, kuna mchwa, na Katanga yetu hii hawakosi. Zoeni kila kitu kisicho cha nyumba, fungueni madirisha, safisheni choo hadi king'ae, pakeni chokaa nyeupe ukuta wa mbele. Majirani wako wana haki kwa kiasi hiki: nyumba chafu inachukiza. Ila uchafu huondolewa kwa ufagio na ndoo.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Iko hali ambayo ningesema tengenezeni yote. Kama nyumba ingekuwa Golf, mtaa wa wenye pesa, ambako anayenunua au kupanga anataka kuingia na masanduku yake siku hiyo hiyo. Kama pesa ingekuwa yenu, bila riba. Kama mmoja wenu angesimama pale kila siku na fundi. Hata hivyo ningewauliza kwanza kama si afadhali kuipangisha miaka miwili kuliko kuiuza. Kwenu hakuna hata moja ya hayo.

Msiniamini mimi tu niliyesoma barua. Kabla ya kutumia hata dola, mwiteni mtu anayejua majengo, asiye yule fundi atakayefanya kazi, aje aone kwa macho, hasa mkiona mpasuko. Mpasuko wa nywele kwenye lipu si kitu. Unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha, unaoingiza kidole kidogo, huo unamtaka injinia. Wakati mnamngoja, pakeni kipande chembamba cha plasta ya jasi juu yake, mwandike tarehe kwa kalamu. Plasta ikipasuka, ukuta bado unatembea. Na kwa urithi, nendeni kwa wakili au mthibitishaji mkiwa na mama, cheti cha ndoa na cheti cha kifo mkononi.

Ndugu yako wa Kolwezi msomee hesabu ile ya 13,040 polepole, kwa simu, akiwa na kalamu. Hakosei kwa kutaka nyumba ya papa ipendeze. Mwambie akipata nafasi aje Jumamosi moja na jembe, kazi ya uani ni ya siku mbili, na kule nyuma ndiko ukuta unakomngoja.